Suala la Risasi ya Mwindaji na Nyama Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Suala: Mtu wa Kasulu au Kibondo, katika nchi ya Waha, ajifanyizia risasi nyumbani, amtaja Mungu, ampiga pongo, na pongo afa kabla ya kufikiwa na kisu. Je, nyama ile ni halali? Na aliyeifanyiza risasi ile kwa uangalifu, uangalifu wake wamfaa nini?

Jawabu lataka kwanza kuijua kazi yenyewe. Huko Marekani, tangu vita vya 1939 hata 1945 vilipoadimisha risasi, wako watu wajifanyiziao: hutwaa ganda la shaba, hulitia madini ya risasi, hulishindilia katika kalibu. Lakini kabla ya hayo hukata ukingo wa ganda, yote yawe sawa kwa urefu. Kwani ukingo ukienda upande, risasi hufumba vibaya, huyumba hewani, humpata mnyama pasipokusudiwa. Mwindaji wa gobore hana ganda la shaba. Ana tufe la risasi au kipande cha chuma. Na gobore si geni kwa watu wa pwani: katika karne ya 19 misafara yao ndiyo iliyopeleka bunduki hata Ujiji.

Ama hukumu: Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maida ameharimisha mnyama aliyeuawa kwa kupigwa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na Adi bin Hatim juu ya fimbo ya kuwindia, alihalalisha kilichouawa kwa ncha yake, akakataza kilichouawa kwa ubapa wake. Imamu Nawawi katika Minhaj amelihesabu tufe miongoni mwa vitu viuavyo kwa uzito. Kwa hiyo katika madhehebu ya Shafi, pongo huyo haliwi, ila akidirikiwa angali na uhai uliotulia akachinjwa. Shawkani wa Yemen, aliyekufa 1250 Hijria, na baadhi ya Wamaliki wa nyuma, wamehalalisha kwa hoja kwamba risasi ya moto hutoboa kama mshale. Khitilafu hiyo ni ya kweli, wala haifai kumtukana aishikaye.

Mtu akisema: Ikiwa risasi iliyokatwa vizuri na iliyokatwa ovyo hukumu yake ni moja, taabu ya nini? Tena iliyo bora humwua mnyama papo hapo, isiache nafasi ya kisu; mbovu humwacha hai, akachinjwa, akawa halali. Basi mbovu ni bora!

Huambiwa: La. Huko ni kuutafuta uhalali kwa mlango wa dhuluma. Mtume ameamrisha wema hata katika kuua, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Atakaye nyama ya halali isiyo na shaka na awinde kwa mshale mkali au mbwa aliyefundishwa, au amfuate kwa elimu imamu aliyehalalisha. Asimjeruhi mnyama kwa makusudi, kisha akauita ujanja huo uchaji Mungu. Kukata ukingo sawasawa hakuigeuzi risasi kuwa kisu, lakini ni katika amana ya mkono kwa kiumbe kisichosema.

Tanbihi: Amana hiyo haiishii kwa mnyama. Sharia za Tanzania za mwaka 2009 juu ya wanyamapori na za 2015 juu ya silaha zakataza kuwinda na kufanyiza risasi pasipo idhini. Na kutii katika lisilo maasi ni wajibu. Tena Kasulu na Kibondo ni nchi iliyopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo, waliokimbia milio ya bunduki. Na njia zake zimepata kuona wanyang'anyi wenye silaha. Mtu hushika kisu chake hata mwisho wa tendo, lakini risasi ikishatoka nyumbani hajui itamfikia nani. Basi na ajiulize kabla ya kuuliza juu ya nyama: anayemwuzia ni nani, naye ataka nini? Mkono ulionyosha ukingo ukamwuzia mwovu hautatoka salama kwa kusema kwamba kazi ilikuwa nzuri.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.