Amana Iliyomo Katika Faili la Mgonjwa

Enyi ndugu zangu katika imani, waume kwa wake, naiusia nafsi yangu kwanza kisha nawausia nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu, kwani umri ni mfupi, na kila mja ana malaika watukufu wanaoyaandika matendo yake, hawazidishi wala hawapunguzi. Leo nayaelekeza maneno hasa kwenu, wanangu mnaosomea udaktari Chuo Kikuu cha Dodoma na kwingineko, mnaopokea wagonjwa wa dharura katika vituo vyetu na hospitali za mjini, kwa kuwa nanyi mmekabidhiwa kalamu.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu kitukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Ikiwa mali imewekewa mwandishi muadilifu na mashahidi, roho ya mja je?

Mtazameni mtoto wa hapa Hombolo anayeletwa alfajiri na malaria kali. Anachomwa artesuneti, kisha anapewa rufaa kwenda mjini. Sindano ya pili ni baada ya saa 12, ya tatu zikitimia 24. Aliyempokea asipoandika uzito, dozi na saa, atakayempokea mjini atabahatisha, ama amrudie mapema ama amcheleweshe. Hakuna aliyekusudia dhulma, na dhulma imekwisha kutendeka.

Na saa zenyewe ziogopeni. Mama anasema degedege lilianza saa mbili usiku, na mwanafunzi mwenye haraka anaandika mbili ya saa za kizungu. Saa sita za maradhi zimetoweka. Andikeni 20:00. Majeruhi wa bodaboda anayevuja damu, asidi ya traneksamiki humfaa ndani ya saa 3 tangu kuumia, na ikipita hapo yaweza kumdhuru. Nani atajua, ikiwa saa ya ajali haikuandikwa?

Najua kwamba katika dharura mikono hutangulia kalamu, na ndiyo haki ya mgonjwa. Lakini akishatulia, msiende kulala kabla ya kuandika, maana kumbukumbu ya aliyekesha ni dhaifu, na hapo ndipo khiyana inapopenyeza. Mkiandika baadaye, semeni mmeandika baadaye, na saa muitaje. Mkikosea, pigeni mstari mmoja, neno la awali lisomeke, mtie saini na tarehe, msifute. Msiandike mapigo ya moyo msiyoyahesabu. Msinakili uchunguzi wa mwenzenu kana kwamba ni mikono yenu iliyolipapasa tumbo lile. Ulichokiona usikifiche, usichokiona usikishuhudie, kwani ushahidi wa uongo ni ushahidi wa uongo, hata ukiwa wa mstari mmoja katika faili. Jitambulisheni humo kuwa ni wanafunzi, na daktari anayewasimamia asome kabla ya kuthibitisha. Naye anayetia saini asichokisoma ana hisabu yake.

Kisha sitara, enyi wanangu. Anayeletwa hana fahamu huku ananuka pombe, andikeni harufu na kiwango cha fahamu, msiandike hukumu. Kwani akishaitwa mlevi, wengi hawatamchunguza tena, na huenda damu inavuja ndani ya fuvu. Mwanamke aliyepigwa, aliyekuja na fomu ya polisi ya PF3, andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, na mahali pa kila jeraha na ukubwa wake, kwa sababu maandishi hayo yaweza kusomwa mbele ya hakimu. Wala picha ya jeraha lake isiingie katika kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imezihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini aibu ya mja ilikuwa amana kabla ya sheria hiyo.

Nasi tunaowaleta wagonjwa, wenye mashamba ya zabibu na wavuvi wa bwawani, tunaulizwa vilevile. Tuje na kadi ya kliniki, tuzitaje dawa zote alizokwisha kunywa, za dukani na za miti shamba, bila kuona haya, na anayemsindikiza awe yule aliyekuwapo maradhi yalipoanza.