Kufuli ya Namba Saba

Ile kufuli niliinunua shilingi 350 katika duka la vifaa hapa Gachoka. Siku hizi iko kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti, na kila nikitafuta kalamu naigusa.

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha. Watu wa ploti huniita keateka, hata kama kwenye risiti nimejiandika meneja. Gachoka iko kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Kiritiri, na kama umewahi kusikia jina hilo, pengine ulilisikia kwenye siasa, kwa maana eneo bunge letu liliitwa Gachoka kabla ya kuwa Mbeere Kusini kwenye uchaguzi wa 2013. Ploti ninayotaka kuwaambia habari zake ina vyumba kumi na viwili, kila kimoja 2,000 kwa mwezi. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayekaa Embu mjini. Mimi nachukua asilimia kumi ya kile ninachokusanya. Mwezi ukiwa mzuri sana, hiyo ni 2,400, ndiyo maana nasimamia ploti nne.

Watu hudhani kazi hii ni kugonga milango tarehe tano. Hiyo ni sehemu ndogo. Zaidi ni kuzibua choo Jumapili umevaa nguo za kanisa, na kuamua ni nani alianika nguo kwa kamba ya nani. Huku kwetu ni kukavu, kwa hivyo pia ni kusubiri gari la maji lililoahidi kuja saa mbili asubuhi likaja saa kumi jioni. Lakini raha iko. Kuna kijana aliingia chumba cha pili na godoro moja na sufuria moja. Miaka minne baadaye alihama kwa lori, akaniachia ufunguo mkononi, na kuta zilikuwa safi kuliko alivyozipata. Siku hiyo nilijiona kama nimefaulu mtihani ambao mimi sikuufanya.

Sasa, namba saba.

Mama wa namba saba alikuwa anachuma muguka kwa mashamba ya watu. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zikapiga muguka marufuku, na Taita Taveta ikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri za Mombasa na Kilifi kwa muda, lakini mnunuzi akishaogopa haangalii karatasi ya mahakama. Hapa kwetu pesa zikapungua kwanza kwa mkulima, halafu kwa mchumaji, halafu kwa duka, halafu kwangu. Juni hakulipa. Julai hakulipa. Asubuhi moja, akiwa ameenda kutafuta kibarua, nikapiga kufuli mlango wake.

Alirudi saa nane na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Aliiangalia kufuli, akaniuliza, "Keateka, hii umenunua pesa ngapi?"

Nikamwambia 350.

"Na ni pesa ya nani?"

Nilikuwa nimetoa kwenye pesa ya ukarabati, yaani ile inayokatwa kwenye kodi ya wapangaji wote, na yeye akiwemo, kwa miezi yote aliyolipa bila kusukumwa. Sikumjibu hilo. Nikajibu tunachojibu sisi wote wa kazi hii: "Mama, si mimi. Mimi natumwa tu. Mjumbe hauawi."

Akakaa kwenye ngazi ya jirani. Nami nikaenda nyuma ya tangi nikampigia mwalimu, nikitarajia aniambie nishikilie hapo hapo. Akauliza, "Kwani umefunga? Mimi nilikwambia ufanye vile unaona."

Ilikuwa kweli. Ndivyo alivyosema. Hakuna aliyenituma. Niliangalia hesabu yangu: miezi miwili ya namba saba ni 4,000, na sehemu yangu ni 400. Nilikuwa nimemfungia mtu nje kwa sababu ya 400, halafu nikamwekea mzee wa watu jukumu hilo mdomoni.

Hata sheria haikuwa upande wangu. Sura ya 296 inalinda nyumba za makazi ambazo kodi yake rasmi haizidi 2,500 kwa mwezi, na mpangaji wa humo hatolewi bila amri ya baraza la kodi au mahakama. Ukitaka kukamata mali ya mtu kwa sababu ya kodi, Sura ya 293 inataka mtu mwenye leseni ya kazi hiyo. Kufuli yangu haikuwa na karatasi yoyote nyuma yake. Nilifungua kabla ya saa tisa.

Hapa unaweza kusema, sawa, basi kuwa na huruma. Ngoja kidogo. Huruma ya nani? Yule mwalimu alijenga vyumba vile kwa miaka ya mshahara wa darasani, na vyumba hivyo ndivyo vinavyomnunulia dawa. Nikimwambia mama "usijali, utalipa ukipata," ninatoa sadaka kutoka mfuko wa mtu mwingine kisha shukrani zinakuja kwangu. Na nimewahi kufanya hivyo pia. Nimewahi kumwambia mwalimu kwamba mpangaji amesafiri, kumbe nimemwonea tu huruma. Ukali wangu niliusema ni wa mwalimu, na wema wa mwalimu nikausema ni wangu. Uongo ni ule ule, umegeuzwa tu.

Kwa hivyo nimejifunza kutenganisha. Kodi si yangu, siwezi kuisamehe. Mlango si wangu, siwezi kuufunga. Kilicho changu ni maneno yanayopita kati ya watu hawa wawili, ambao wanajuana kupitia kwangu tu. Nikiyapotosha, hakuna mwingine wa kuyanyoosha. Jioni ile nilimwambia mwalimu: mama anachuma muguka, soko limeharibika, hana. Nikamwambia mama: mwalimu anategemea hii pesa, na hawezi kusubiri mwaka. Tukakubaliana alipe 500 kila Jumamosi.

Ni njia ya polepole, na kuna wenye ploti wameninyang'anya kazi kwa sababu yake. Mmoja aliniambia anataka keateka, hataki mhubiri. Sikuwa na jibu zuri. Ploti nne sasa ni tatu.

Mama wa namba saba alihama Novemba, akiwa amebakisha 2,000. Nilimpigia mwalimu siku hiyo hiyo nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema nimpe mama namba yake ya M-Pesa. Nilimpa. Hadi leo sijauliza kama alituma.