Mashine Ikizima, Nani Atajibu?

Mtu anayetaka kompyuta ya mezani ana njia mbili. Anaweza kwenda dukani akanunua iliyokwisha kamilika, akaichomeka kwenye umeme na kuanza kazi jioni hiyohiyo. Au anaweza kununua viungo vyake kimoja kimoja, yaani kasha, bodi kuu, prosesa, memori, diski na pawasaplai, akaviunganisha mwenyewe kwa bisibisi. Wengi hulichukua jambo hili kuwa ni la bei na nguvu ya mashine tu, na vijana wanaweza kulijadili kwa tarakimu mpaka alfajiri. Mimi naliona kuwa ni suala la maadili, wala sioni haya kusema hivyo, maana nimeliona likiitia mfarakano nyumba moja ninayoipenda.

Tuanze na neno lenyewe. Kijana aliyekwisha funga viungo hivyo husema, "Nimeunda kompyuta." Sisi watu wa pwani neno kuunda tumelizoea zaidi kwa vyombo vya bahari. Mwunda jahazi huutazama mti ungali umesimama, akaliona taruma lake katika pindo la tawi. Kisha hukata, huchonga, hupigilia na kukalafati. Kijana wetu hakuchonga kitu. Prosesa aliyoipachika kwa vidole viwili ina transista kwa mabilioni. Huenda ilibuniwa California na kuchapwa Taiwan, na mashine za kuchapia saketi zilizo ndogo kuliko zote hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Veldhoven, Uholanzi. Hakuna mtu, wala taifa, linaloweza leo kusema kuwa limeiunda kompyuta peke yake tangu mchanga hadi kioo. Kwa hiyo majivuno ya mwenye bisibisi yapunguzwe kidogo.

Lakini yasifutwe yote. Alichofanya ni kuchagua, na kuchagua si kazi ya kitoto. Yeye anajua kilichomo ndani ya kasha lake, na kwa nini kimo. Aliyenunua iliyokamilika amechaguliwa na mtu mwingine ambaye hatamwona kamwe, na mtu huyo alikuwa na hesabu zake. Mara nyingi hesabu hizo huangukia kwenye pawasaplai, kwa kuwa hakuna mnunuzi anayeiulizia. Tangazo litataja prosesa na ukubwa wa diski, pawasaplai halitaitaja. Nasi tunaoishi katika miji ambamo umeme hupanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa twajua kwamba kiungo hicho dhaifu ndicho hufa kwanza, na pengine hufa na wenzake.

Uchaguzi wenyewe si wa zamani sana. Kompyuta ya Altair 8800, iliyotangazwa Marekani Januari 1975, iliwafikia wengi ikiwa furushi la vipande vya kulehemu. Apple ya kwanza, ya mwaka 1976, iliuzwa kwa dola 666 na senti 66 ikiwa bodi tu, na mnunuzi alijitafutia kasha, kibodi na umeme wake. Mwaka uliofuata Apple II ikatoka katika sanduku lake, tayari kwa kutumiwa. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipopata kwa mara ya kwanza nafasi ya kutojua kilichomo ndani. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nafasi ya kutojua ni neema kubwa: mimi hula mkate wala sijui kukanda, na daktari aliyenipasua jicho hakunitaka kwanza nisome udaktari.

Na anayeunganisha mwenyewe naye anaegemea neema yake, ingawa yeye huisahau. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa vipimo vinavyoitwa ATX: bodi iwe na upana gani, matundu ya skrubu yakae wapi, plagi ya umeme iwe na umbo gani. Washindani walivikubali. Ndiyo maana hata leo kasha la kampuni moja hupokea bodi ya kampuni nyingine. Uhuru wa kijana yule umejengwa juu ya mapatano ya watu wasiopendana. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wa kompyuta za ofisini waliyaacha mapatano hayo, na plagi zao haziingii kwa jirani. Ukinunua mashine ya namna hiyo, pawasaplai yake ikifa hutatafuta pawasaplai. Utaitafuta ileile, na usipoipata utatafuta mashine nyingine. Umelipa fedha zote, na bado ni mpangaji.

Sasa nifike kwenye nyumba niliyoitaja. Mdogo wangu wa kike ni mjane, ana kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na chuo, Dar es Salaam. Duka hilo ndilo lililowalisha watoto wake. Kompyuta yake ilipokufa alikuwa na akiba aliyoivunja kutoka kikundi cha akina mama, na mtoto wake, anayesoma Morogoro, akataka akiba hiyo imnunulie viungo aiunganishe mashine mpya. Mama akataka iliyo tayari, moja ya zile zilizotumika katika ofisi za Ulaya zikaja kuuzwa Kariakoo. Wakabishana wiki nzima. Kisha wakaniletea mimi, kama ilivyo desturi kwa mjomba.

Kijana alisema kuunganisha ni rahisi zaidi. Nilipomwomba aandike bei zote kwenye karatasi, pamoja na nauli na kebo, tofauti ikawa ndogo mno. Hoja yake ya kweli ilikuwa nyingine: alitamani kuiunganisha. Tamaa hiyo sina neno nayo, kwa maana ujuzi una karo yake kama shule yoyote. Kinachonisumbua ni kuificha karo ndani ya neno "rahisi" na kumpelekea mama ankara asiyoijua.

Mama naye alisema ya dukani ina dhamana. Nikamwomba risiti aliyopewa jirani yake alipokwenda duka hilohilo. Dhamana ilikuwa ya miezi mitatu, na chini yake kulikuwa na mhuri tuujuao sote: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo mawili yalikaa karatasi moja bila kuoneana haya. Kwa hiyo haikuwa dhamana aliyokuwa akiinunua. Alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa na haki, lakini aliuvisha kanzu ya busara.

Hapo nikaona kwamba ugomvi wao hauhusu mashine. Kila kitu hufa, kilichonunuliwa na kilichoundwa. Swali lililobaki, nami nadhani ndilo swali lenyewe, ni nani atasimama siku hiyo. Anayejiunganishia yake hana wa kumlaumu, na kuna heshima katika hali hiyo. Anayemuunganishia mwingine ametoa ahadi, hata kama hakutamka neno. Kwa hiyo nikamwuliza kijana, "Siku ya mwisho ya wanafunzi kukabidhi tasnifu zao, foleni imefika barabarani, saa nne asubuhi mashine ikazima. Wewe utakuwa wapi?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Morogoro, mjomba."

Wakanunua iliyo tayari. Sikumshauri mama hivyo kwa kudhani kwamba dukani ni bora. Nilimshauri kwa kuwa fundi wa duka yuko mtaa wa tatu. Kama kijana angekuwa anaishi nyumbani, ningesema kinyume, na ningesema kwa furaha.

Hata hivyo sikutulia. Mashine iliyoletwa ilikuwa na karatasi ndogo juu ya skrubu, imeandikwa kwamba ikiondolewa dhamana imekwisha. Nimeifikiria sana karatasi ile. Ni bei ya ajabu: tutakujibia wewe, ilimradi usijue. Huko Marekani sheria ya dhamana ya mwaka 1975 hairuhusu kampuni kufanya hivyo ovyo, na mwaka 2018 tume yao ya biashara ilizionya kampuni sita kwa barua. Kwetu karatasi hubaki mahali pake. Nawaelewa wenye maduka, maana wapo wateja wanaobadili memori nzuri kwa mbovu kisha wakarudi wakilia. Lakini mtu anayezuiwa kutazama ndani ya mali yake miezi mitatu huzoea kutotazama, na mazoea hayaishi pamoja na karatasi.

Taifa zima linaweza kuyaingia mazoea hayo. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya Hazina kupata taabu na hesabu zilizowekwa katika mashine zilizotegemea wataalamu wa kigeni. Siisifu marufuku ile, kwani ilituchelewesha. Lakini hofu iliyokuwa chini yake naiheshimu kuliko uchangamfu wetu wa leo wa kununua chochote kinachowaka taa. Waliona kwamba kitu kinaweza kuwa ndani ya nyumba yako, na ufunguo wake uko kwa wengine. Walichokosea ni dawa. Mlango uliofungwa haukumfundisha mtu yeyote kufungua kasha.

Mdogo wangu ni mwanamke wa hesabu. Alimwambia mwanawe asubiri siku tisini ziishe, na alizihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya tisini na moja kijana alikuwa nyumbani kwa likizo. Wakaibandua ile karatasi pamoja, wakalitandika kasha juu ya meza ya fotokopi. Alimwonyesha vumbi lilipojificha kwenye feni, na jinsi ya kuchomoa memori na kuisugua meno yake kwa raba ya penseli pale mashine inapolia bila kuonyesha picha. Mama aliirudia kazi hiyo mara nne mbele yake. Mwezi wa pili baadaye mashine ililia hivyo katikati ya kazi. Alizima swichi ukutani, akaomba raba kwa mwanafunzi aliyekuwa foleni, na baada ya dakika kumi alikuwa anachapa. Alinipigia simu jioni kunisimulia, na aliisimulia kana kwamba alikuwa amejifungua.

Ni nani basi aliyeiunda mashine ile? Mwanzoni nilisema kijana mwenye bisibisi apunguze majivuno, na bado nasema hivyo. Ila sijui nimpunguzie nini mwanamke mwenye raba.

Kijana naye hakuacha. Anaweka akiba kutokana na kuwatengenezea wenzake simu na kompyuta, ili aiunganishe ya kwake mwenyewe, ambayo ikifa haitamnyima mtu mwingine ugali. Kasha na pawasaplai amekwisha nunua, tena pawasaplai nzuri. Kisha mwishoni mwa 2025 bei ya memori ikapaa duniani kote, kwa sababu viwanda vyake vimeelekezwa kwenye mashine za akili bandia, na karatasi aliyoniandikia haina thamani tena. Vile viwili vimekaa chini ya kitanda chake Morogoro, vimefunikwa kanga ya mama yake.