Mauzo Yako ni Shilingi Ngapi?

Ndugu mwenye duka, fungua Matendo ya Mitume, sura ya 5. Anania na Safira waliuza kiwanja. Kiwanja chao, fedha zao. Petro mwenyewe alimwambia Anania hivyo. Hakuna aliyewalazimisha kuleta hata senti kwa mitume. Kilichowaangusha ni bei waliyoitaja, kwani siyo waliyouzia. Anania akaanguka kwanza. Saa tatu baadaye mke akaingia, akaulizwa swali la dukani kabisa: mliuza kwa kiasi hiki? Akaitikia. Akaanguka pale pale.

Nawe nakuuliza leo: mauzo yako ni shilingi ngapi?

Akija afisa wa TRA kukukadiria, biashara ngumu, siku nzima hujauza kitu. Kesho yake akija afisa mikopo, mauzo yamepanda mara tatu, na shelfu zimejaa bidhaa ulizoazima kwa jirani. Mteja kalipa elfu themanini, risiti unamtolea ya elfu nane, mnacheka wote wawili. Mwenzi wako akiuliza nyumbani, anapewa hesabu ya nne. Hesabu gani hiyo inayobadilika kila ikipata msikilizaji mpya? Huo ni uongo tu, hata ukiuandika kwa tarakimu!

Na malipo yake hayangoji kiyama, maana mwenye hesabu nne hana daftari la kuonyesha. Kwa viwango vya kodi vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya milioni tano kwa mwaka asiye na kumbukumbu alidaiwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alidaiwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni nne, yaani shilingi 30,000. Elfu sabini zimeteketea kwa kukosa daftari! Na wewe uliyemtilia chumvi afisa mikopo, utalipa rejesho la duka kubwa kwa mapato ya duka dogo, mpaka waje wabebe friji mchana kweupe majirani wakitazama.

Basi acha! Leo hii, kabla hujafunga duka, hesabu droo. Andika ulichouza taslimu. Andika ulichokopesha. Andika hata kilo mbili za unga ulizopeleka nyumbani, maana nazo zimetoka dukani. Usikisie. Kesho andika tena, na keshokutwa. Toa risiti ya kiasi ulichopokea, isipungue hata shilingi. Na yeyote atakayeuliza, awe mtoza kodi, awe mkopeshaji, awe mwenzi wako, mfungulie ukurasa ule ule.