Aliyeandika Jina la Muuaji

Umeazima riwaya ya upelelezi. Imepita mikono mingi kati ya Katesh na Dongobesh, jalada limekwisha, mgongo umeshonwa kwa uzi. Unafungua ukurasa wa kwanza na hapo, kwa kalamu nyekundu, mtu kaandika: "Muuaji ni mjomba."

Je, amekukosea nini? Hajachana hata karatasi moja. Maneno yote ya mwandishi yamo. Wengine watasema huo ni utani tu, makelele ya nini? Mimi nasema ni wizi. Kazi iliyopo ni kujua kilichoibwa.

Vitabu vya kuazimana vimejaa maoni ya wasomaji. "Kitamu sana." "Mwandishi kachemsha." "Nimelia." Huku Mbulu na Hanang, ambako duka la vitabu vya hadithi ni la kutafuta, pembeni mwa kurasa ndiko wahakiki wetu wanakoandika. Wala simdai sababu mtu aliyeandika "kitamu". Wazee wa Kiiraqw wakitoa slufay, ile sala yao ya kishairi, wasikilizaji huitikia kwa sauti fupi tu, na hakuna anayewauliza wameitikia kwa nini.

Lakini mwenye kalamu nyekundu anaweza kujitetea. Atasema: mbona mtoto anayajua yote ya Abunuwasi na bado anataka arudiwe? Kweli. Ukikosea neno moja anakusahihisha! Na katuni je? Nani alisoma Sani miaka ile bila jicho kurukia picha ya mwisho? Kwamba Lodi Lofa ataumbuka tulijua tangu mwanzo, tulichofuata ni ataumbukaje. Hata Willy Gamba wa Elvis Musiba, toka Kufa na Kupona ya 1974, tunajua atashinda. Kwa hiyo kujua mwisho si msiba wenyewe.

Basi chukua riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kutoka kitabu mwaka 1960. (Muuaji simtaji, tulieni.) Bwana Msa anavuta kiko chake, hasemi mengi. Rafiki yake Najum anaona yale yale anayoyaona yeye, lakini anakosea, nasi tunakosea pamoja naye. Tunamshuku mtu kwa ukali wake, kwa ukimya wake, pengine kwa jinsi alivyoingia mlangoni. Unafunua kurasa, kumbe hana hatia kabisa! Hakuna aliyepigwa wala kufungwa. Umebaki wewe na aibu yako, peke yako kwenye kibatari, na hakuna aliyekuona.

Aibu hiyo ndiyo iliyoibwa.

Na huku kwetu si kitu kidogo, jamani. Ng'ombe wakipotea usiku, mara ngapi jina hutajwa kabla nyayo hazijafuatwa? Mwiraqw atamtaja Mbarbaig, Mbarbaig naye ana wake wa kumtaja. Mtu ambaye kosa lake ni kupita njia ile na fimbo yake anapigiwa yowe, na yowe likishapigwa hakuna ukurasa wa kurudi nyuma. Katika riwaya nilipata nafasi ya kumdhania vibaya mtu ambaye hataumia kwa dhana yangu. Mwenye kalamu nyekundu kaniletea hukumu iliyokwisha pikwa, nami sikushuku wala sikukosea. Nimesoma kitabu kizima nikiwa msafi kama hakimu aliyelala.

Anayefunua mwenyewe ukurasa wa mwisho simgombezi. Huyo kala mbegu zake mwenyewe, shauri yake. Huyu wa kalamu kala za majirani wote watakaoazima baada yake.

Hata hivyo sisemi kalamu ziwekwe chini, la hasha. Andika! Ila andika pale pale ulipofika: "Hapa namshuku mpishi." Anayefuata ataandika wake chini yako, na wa tatu wake, hata ukurasa wa 40 uwe na watuhumiwa wengi kuliko aliowaweka mwandishi.