Tawakali Huanzia Uhamiaji

Zama za Mtume Muhammad (SAW) walikuwako watu wa Yemen waliokuwa wakienda kuhiji mikono mitupu. Wakiulizwa, husema wao wanamtegemea Mungu; wakifika Makka, huanza kuombaomba chakula. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba ni kwa sababu yao ilishuka aya ya 197 ya Sura ya Al-Baqara, inayowaagiza mahujaji wachukue masurufu ya safari na kuwakumbusha kuwa masurufu bora zaidi ni uchamungu. Aya haikumlazimisha hujaji achague kati ya chakula na imani. Imemtaka afike na vyote viwili.

Watu wa Yemen wamepita, lakini hoja yao ingali hai. Yuko mzee aliyeuza ng'ombe wake apate nauli ya Makka, na akiulizwa habari ya pasipoti au chanjo hujibu kwamba Mola akijaalia, atafika. Moyo wake ni safi. Swali ni kama hiyo ndiyo tawakali.

Tirmidhi amepokea habari ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Naye Khalifa Umar, akiwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akasikia kwamba huko mbele kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Katika jibu hilo, tahadhari haishindani na majaaliwa. Imo ndani yake.

Leo ngamia ana kamba nyingi. Tanzania imekuwa ikitoa pasipoti ya kielektroniki tangu Januari 2018, na mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Jina likitofautiana kwenye hati hizo, hata kwa herufi moja, kuna kazi ya kulisahihisha, na kazi hiyo haimalizwi wiki ya kuondoka. Pasipoti yenyewe iwe na angalau miezi sita kabla ya kwisha muda wake.

Kisha kuna chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia hutaka ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili. Sharti hili lina historia chungu. Mwaka 1987 ugonjwa huo ulizuka miongoni mwa mahujaji, na mwaka 2000 ukazuka tena kwa aina nyingine ya vimelea, wakaambukizwa hata jamaa waliobaki nyumbani. Anayekwepa sindano kwa jina la tawakali anaiweka rehani afya ya mjukuu atakayempokea uwanja wa ndege. Hiyo si haki yake.

Hija ya 2024 ilionyesha gharama ya kuzipuuza kamba hizi. Joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifikia nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali cha kuhiji. Wasio na kibali hawakuwa na mahema yenye viyoyozi wala mabasi ya msafara. Wengi walitembea mwendo mrefu juani. Wengine walikuwa wameingia kwa viza za matembezi, wakiwa wamewalipa mawakala waliowaahidi kwamba mambo yatajipa.

Hapa muumini ana haki ya kuuliza: serikali ya wanadamu inapata wapi idhini ya kuweka kibali mbele ya Nyumba ya Mungu? Swali hilo ni zito, hasa kwa maskini aliyedunduliza maisha yake yote. Lakini sheria ya dini yenyewe imemtangulia kwa huruma. Aya ya 97 ya Sura ya Al-Imran imeifungamanisha Hija na uwezo, na wanafikihi wameuhesabu usalama wa njia kuwa sehemu ya uwezo huo. Asiyepata njia salama hadaiwi. Mungu hakumtaka afe barabarani kwa ajili ya safari ambayo hajamfaradhishia mwaka huo.

Kwa hiyo, mwenye nia ya kuhiji aanze kushughulikia pasipoti yake Uhamiaji kabla hajamkabidhi wakala hata shilingi. Ahakikishe kwa mamlaka za Hija nchini mwake kwamba taasisi inayomsafirisha imesajiliwa, na viza aliyopewa ni ya Hija. Alipe madeni, aandike wasia, awaombe radhi majirani, kama wazee walivyozoea. Na watoto wanaompeleka mzazi wao wasimwachie peke yake mzigo wa makaratasi: wakae naye, wasome kila hati, na wakiona kibali hakipo, wamzuie asipande ndege.