Tawakali na Kitasa Kilicholegea

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa Kiislamu wameyajadili kwa karne nyingi ni lile la mpaka kati ya tawakali, yaani kumwachia Mungu mambo kwa moyo uliotulia, na kushika sababu, yaani kutumia njia ambazo Mungu mwenyewe ameziweka ili jambo lipatikane au liepukwe. Swali hilo hujitokeza kwa uzito wake wote hata katika jambo dogo la ufundi, nalo ni la makabati yanayofunguka yenyewe ndani ya gari la safari lenye malazi, yaani gari lililowekewa kitanda, jiko na makabati ya ukutani, likiwa mwendoni na watu wamekaa chini ya makabati hayo.

Kufunguka huko kuna sababu zinazojulikana. Kila kilichomo garini huenda kwa kasi ya gari, na gari linapopunguza mwendo ghafla kitu hicho huendelea mbele mpaka kikutane na cha kukizuia. Kwa hiyo sufuria ya kilo 4 iliyowekwa katika kabati la nyuma linaloelekea mbele husukuma mlango, dereva anapofunga breki kali kwenye lami kavu, kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3, na ikiwa ilipata nafasi ya kuteleza kabla ya kuugonga, pigo huwa kubwa zaidi ya hapo. Kitasa nacho mara nyingi hushikiliwa na skrubu fupi katika plaiwudi nyepesi, iliyochaguliwa ili kupunguza uzito wa gari, na mtikisiko wa barabara ya changarawe huzilegeza skrubu hizo kidogo kidogo, kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kikasogea milimita chache, ulimi ukabaki umeshika kwa ncha tu. Anayeufunga mlango husikia mlio uleule aliouzoea, akaamini kuwa umefungika. Kama mlango ni wa kufungukia juu na una springi za gesi, ukishapita nusu springi huusukuma na kuuacha wazi, na vilivyomo huanguka.

Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa jambo hili kwa karibu kuliko mtu angetarajia, kwa kuwa katika kazi yake Ihya Ulum al-Din, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakali, anajadili waziwazi iwapo kufunga mlango wa nyumba kunaiharibu tawakali, na anaona kuwa hakuiharibu, mradi moyo wa mfungaji umtegemee Mungu na usiitegemee kufuli. Sababu anazigawa katika daraja tatu: zilizo za yakini, ambazo kuziacha ni wazimu, kama mwenye njaa kukataa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, zilizo za dhana yenye nguvu, ambazo kwa kawaida huleta matokeo, na zilizo za kuwaza tu, ambazo kuzikimbilia huonyesha moyo usiotulia. Kwa kipimo hicho, kuviteremsha vitu vizito kutoka kabati la juu hadi sakafuni ni sababu ya yakini, maana kisichokuwa juu hakianguki kutoka juu. Kuking'oa kitasa, kuyajaza matundu yaliyopanuka kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, kufunga skrubu upya na kukirudisha kibati mahali ambapo ulimi utaingia wote, ni sababu ya daraja la pili, kwa kuwa kazi hiyo hufaulu mara nyingi ingawa si kila mara. Ama dereva anayesimamisha gari kila baada ya kilomita chache ili ajaribu milango aliyokwisha kuitengeneza vizuri, huyo ameingia daraja la tatu, naye anastahili huruma kuliko lawama.

Lililo zito zaidi katika mjadala huo ni tofauti ambayo al-Ghazali anaiweka kati ya mtu aliye peke yake na mwenye watu wanaomtegemea, kwani wa kwanza anaweza kuchagua kustahimili njaa kwa ajili ya tawakali yake, bali wa pili hawezi kuwatwisha wanawe ustahimilivu ambao wao hawakuuchagua. Mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford, ambaye alikuwa ameiacha dini, alifika karibu na hapo katika insha ya mwaka 1877, alipomweleza mwenye meli anayejua kuwa chombo chake kimechakaa, kisha akajituliza kwa kusema kuwa Mungu atawalinda abiria. Clifford anashikilia kuwa mtu huyo angekuwa na hatia ileile hata kama meli ingefika salama, na hoja hiyo inamvua dereva udhuru unaotumika zaidi, kwamba kabati lile limesafiri naye miaka mingi bila kumwumiza mtu.

Kwa hiyo dereva aliyeona mlango umefunguka hata mara moja ameshapata elimu inayomwajibisha, wala hana haki ya kumkalisha mtoto chini ya kabati hilo kabla ya kukitengeneza kitasa au kukitoa humo kila kilicho kizito.